Kwaresima katika nchi ya chai: kabla ya majivu, tazama mizani

Februari si mwezi wa neema kwa mchuma chai. Mvua ilipungua mwaka ulipoanza, jua la mchana ni kali, na vichipukizi vilivyojaza kikapu mapema asubuhi mwezi Novemba sasa vinatoka vichache na kwa kuchelewa. Katika vituo vya kununulia majani kuanzia Litein hadi Mogogosiek, magunia ni mepesi, karani anafunga daftari mapema na lori la kiwanda linaondoka halijajaa. Karo ya muhula wa kwanza imeshakomba kila kitu mfukoni. Ndipo Kwaresima inapobisha hodi.

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni Februari 18, na Pasaka ni Aprili 5. Wiki hiyo hiyo ndugu zetu Waislamu wanautafuta mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo katika mji wa Kericho kanisa na msikiti vitakuwa katika toba kwa wakati mmoja. Ni jambo la kupendeza. Lakini Muislamu ataingia katika mfungo wake akiwa amejiandaa tangu Shaabani, huku Mkristo wa kawaida akishtushwa na tangazo la Jumapili: “Jumatano ni majivu.” Anapakwa, anarudi kazini, anakumbuka Ijumaa kwamba nyama haifai, basi. Siku arubaini zinapita kama basi la Kisumu lisilosimama kituoni.

Swali la maandalizi ndilo linalonisumbua. Je, Mkristo wa Kericho na Bomet ajiandae vipi, katika dunia ambayo mambo yake mengi yanaendeshwa kana kwamba Mungu hayupo?

Kwanza tuikubali dunia yenyewe ilivyo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 85.5 ya Wakenya ni Wakristo, na waliosema hawana dini kabisa ni asilimia 1.6 tu. Huku kwetu mkutano wa sako hufunguliwa kwa sala, matatu ina jina la nabii ubavuni, na hakuna harambee isiyo na mchungaji. Ukiniambia Mungu amesahaulika, nitakuuliza ni wapi. Huko Ulaya baadhi ya makanisa yamekuwa mikahawa na maktaba. Malimwengu ya kwetu hayamkani Mungu. Yanampa saa mbili za Jumapili na kumwomba kwa adabu asiingilie siku sita zilizobaki, ambazo ni za kilo, za mkopo na za siasa.

Mgawanyo huo una historia. Injili na chai ziliingia nchi ya Wakipsigis ndani ya kizazi kimoja. Wamisheni wa Kiprotestanti walifika mwanzoni mwa karne ya 20, Litein na Tenwek zikawa vituo vya misheni na baadaye hospitali, na Wakatoliki wakajenga Kaplong na kwingineko. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanzisha mashamba makubwa. Kampuni ilileta nyumba, duka, zahanati, shule na king'ora. Kanisa lilileta kengele. Tangu hapo mtu wa hapa amekua akijua kwamba kengele ni ya Jumapili na king'ora ni cha siku nyingine zote. Mashamba yamebadilisha majina na wenyewe, hata sasa sehemu kubwa iko mikononi mwa Browns ya Sri Lanka, ila mazoea hayo yamebaki. Wakulima wadogo, ambao shirika lao la KTDA lilianza 1964, waliyarithi bila kuulizwa. Kazi ni kazi, sala ni sala.

Kwaresima inakuja kuuvunja ukuta huo, na ndiyo sababu inahitaji kutayarishwa. Wakristo wa kale walilijua hilo. Kabla ya marekebisho ya kalenda ya 1969, Wakatoliki walikuwa na Jumapili tatu nzima za kuingia Kwaresima polepole: rangi ya zambarau ilishavaliwa, Aleluya ilishanyamaza, na muumini alipewa karibu wiki tatu za kujiuliza anakwenda jangwani na mzigo gani. Waorthodoksi, ambao hapa Kenya nao wana parokia zao, bado wanafanya hivyo. Wanaanza na Injili ya Farisayo na mtoza ushuru, wanaendelea na mwana mpotevu, kisha wanaaga nyama Jumapili moja na maziwa Jumapili inayofuata. Mwili na moyo vinashushwa ngazi moja moja. Sisi tuliziondoa ngazi hizo, na sasa tunashangaa kwa nini tunaanguka.

Basi tuzijenge upya nyumbani, kwa siku chache hizi zilizosalia. Na kwa maoni yangu, katika nchi ya chai ngazi ya kwanza haiko kanisani. Iko kwenye mizani.

Tazama kituo cha majani saa tisa alasiri. Wachumaji wameketi kwenye benchi za mbao, aproni za plastiki bado kiunoni, vidole vimeiva weusi kwa utomvu. Majani yamemwagwa, wanayapekua na kutoa magumu, maana kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anasoma, anaandika, risiti inatoka. Jina lililo kwenye risiti ni la mwenye shamba. Aliyechuma halipo jina lake popote. Kilo zake ziko kwenye daftari la shule alilonunua mwenye shamba, au kichwani mwa mwenye shamba, au wakati mwingine hazipo. Malipo ya kiwanda yanapoingia benki mwisho wa mwezi, karo inatangulia, mkopo wa mbolea unafuata, mchango wa arusi unafuata, na mchumaji anaambiwa, “Mama, nivumilie kidogo.” Anavumilia. Hana pa kwenda.

Mwenye shamba huyo si mtu mbaya. Mara nyingi ni mzee wa kanisa, ni mwenyekiti wa jumuiya, ni mama wa Chama cha Wanawake Wakatoliki. Naye ana malalamiko yake ya haki: bonasi ya chai ya 2025 iliwauma sana wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, walipoona wenzao wa mashariki wakilipwa mara kadhaa zaidi kwa kilo ya majani yale yale mabichi. Anapomlaumu meneja, mnada wa Mombasa na serikali, ana hoja. Lakini dhuluma ina tabia ya kushuka mteremko. Anayepunjwa juu humpunja aliye chini yake, na aliye chini kabisa ni mwanamke mwenye kikapu mgongoni.

Sura ya 58 ya Isaya, inayosomwa katika makanisa mengi mwanzo wa Kwaresima, inazungumzia hali hii waziwazi hadi mtu anaona haya. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na hakuona. Anawajibu kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga walikuwa wakifuata faida yao na kuwakandamiza wafanyakazi wao. Kisha anawaeleza mfungo anaoutaka: kufungua minyororo, kugawa chakula, kumvika aliye uchi. Mtume Yakobo naye, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Yakobo hakuwahi kuiona chai, lakini mwenye kusikia maneno hayo akiwa Kapkatet au Bomet hahitaji kufafanuliwa na katekista.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya kiroho ya wiki hii yaanze na daftari la madeni. Kitubio ni sakramenti ya neema, na foleni za kitubio kabla ya Kwaresima ni jambo jema. Ningetamani ziwe ndefu kuliko zile za siku mbili kabla ya Pasaka, ambapo padri mmoja anawasikiliza mamia na kila mtu anapewa dakika mbili. Lakini kitubio kinadai urejeshaji. Ukimwambia Mungu kwamba umemchelewesha mchumaji miezi miwili, utapewa ondoleo na bado utabaki na deni la kulipa. Afadhali uende ukiwa umelipa, au angalau umekwenda kwake na kutaja tarehe.

Mashamba makubwa nayo yana maswali yake. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokuwa wakiona ajira zikitoweka. Uharibifu ule siutetei. Lakini Mkristo aliye meneja, aliye wakili wa kampuni, aliye mkubwa wa chama cha wafanyakazi au aliye katika serikali ya kaunti ana siku arubaini za kujiuliza mashine zinapoingia, familia zinazotoka kwenye nyumba za kampuni zinakwenda wapi. Hilo pia ni kufunga, na ni kugumu kuliko kuacha soda.

Sasa kufunga kwenyewe. Sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga chakula ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio na miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo isiyofikia mlo kamili. Kujinyima nyama ni kwa wenye miaka 14 kwenda juu. Wagonjwa, wajawazito na wenye kazi za sulubu hawabanwi. Mchumaji anayepanda na kushuka mteremko na kilo ishirini mgongoni yuko katika kundi hilo, na ninasikitika ninapoona mama wa namna hiyo akijiona mkosefu kwa sababu alikunywa uji saa nne.

Papa Paulo VI alilifikiria jambo hili. Katika hati yake ya toba, Paenitemini, ya Februari 17, 1966, aliwataka wanaoishi katika neema ya kiuchumi watoe ushuhuda mkubwa zaidi wa kujinyima, na akasema kwamba wale ambao maisha yao tayari ni magumu wanaweza kumtolea Mungu magumu hayo katika sala, huku juhudi za haki ya kijamii zikiendelea. Yaani mwenye njaa haambiwi afunge zaidi. Mwenye shibe ndiye anayetumwa. Ningependa maneno hayo yasomwe katika kila kigango cha nchi ya chai Jumapili hii, maana mahubiri yetu ya kufunga mara nyingi yanawaelekea wasio na kitu, na wenye gari kubwa wanakaa mbele wakitingisha kichwa.

Na wewe mwenye shibe, ufunge nini? Nyama ya Ijumaa ni mwanzo, ila usinipigie hesabu ya kitapeli. Samaki mzima wa Ziwa Victoria aliyekaangwa kwa mafuta mengi hajapungukiwa na anasa yoyote kwa sababu tu si ng'ombe. Kimyet, yaani ugali, na managu na kikombe cha mursik, chakula cha kogo, bibi yetu, kinatosha na kinashibisha, na tofauti ya bei inakwenda kwa jirani. Hapo ndipo kufunga na sadaka vinapokutana. Kimoja bila kingine ni kubana matumizi tu.

Wengine hupenda kuacha chai. Siwakatazi. Lakini katika nyumba ya Mkipsigis, chai ya maziwa iliyochemka vizuri kwenye sufuria ndiyo salamu. Mgeni akiikataa, mwenyeji anajiuliza amekosa nini. Mkristo anayetembelea mgonjwa au mjane wakati wa Kwaresima apokee kikombe anachopewa, anywe, ashukuru. Akitaka kujinyima, ajinyime akiwa kwake, mlango umefungwa, kama Injili ya Jumatano ya Majivu inavyoagiza.

Kujinyima kunakohitajika zaidi mwaka huu, nafikiri, kuko kwenye simu. Kijana wa Silibwet au Sotik anaamka na simu na kulala na simu, na ndani yake kuna kamari. Michezo ya kubashiri imeunganishwa na M-Pesa kwa namna ambayo malipo ya wiki ya kuchuma majani yanaweza kuyeyuka kabla mtu hajafika barabarani. Wazazi wanajua, wachungaji wanajua, na tunazungumza kwa sauti ya chini. Siku arubaini bila kubeti hata shilingi kumi, na mtu mmoja anayejua ahadi hiyo na kuuliza kila jioni, zitamfaa kijana kuliko ahadi kumi za siri.

Sasa nifike kwenye sadaka, ambapo dunia imeingia kanisani kwa viatu. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na msimu wa bahasha umeshaanza. Mabati, spika, gari la paroko: kila kitu kina mheshimiwa wake, na mheshimiwa anataka maikrofoni. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba fedha alizotoa Rais katika parokia ya Soweto, jijini Nairobi, zirudishwe. Kwaya na watoto walikuwa wamepewa shilingi 600,000 na ujenzi wa nyumba ya padri milioni mbili, na ahadi nyingine zilikuwa njiani. Gumzo lilienea nchi nzima. Sisi wa huku tulipaswa kulisikia kwa sikio la pekee, kwa sababu Anyolo ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Kericho, lilipoundwa 1995 kutoka Nakuru. Alituongoza hadi 2003. Kanisa la Anglikana lilikuwa limeshachukua msimamo mwaka 2021 wa kuwanyima wanasiasa mimbari.

Kanisa lisilotaka fedha za wanasiasa lazima litegemezwe na waumini wake. Hapo ndipo wengi wetu tunaponyamaza. Tunamlaumu paroko kwa kupokea bahasha, ilhali zaka yetu ni noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne. Kujiandaa kwa Kwaresima ni kukaa na mke wako, au mume wako, jioni moja kabla ya Jumatano, na kuamua kwa shilingi tutatoa kiasi gani, kwa nani, kutoka wapi. Sadaka isiyopangwa huliwa na mahitaji mengine kabla ya jua kutua.

Kwa wasiojua waanzie wapi, mjini Kericho upo mfano wa jirani. Gurudwara kubwa ya Masingasinga, iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh aliyeishi hapa, inatoa chakula bure kwa yeyote anayeingia. Hakuna anayeulizwa dini yake. Anavua viatu, anafunika kichwa, anakaa chini, anakula. Kama jirani zetu wanaweza kufanya hivyo mwaka mzima, parokia haiwezi kushindwa kuweka sufuria moja kila Ijumaa kwa siku arubaini.

Shida moja ya wazi ni kwamba Jumatano ni siku ya kazi. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa 2015, lenye paa la vigae linaloinuka polepole kuelekea altare, linaweza kupokea waumini 1,500, lakini wachumaji watakuwa mashambani. Kanisa halikuifanya siku hiyo kuwa ya amri, kwa hiyo asiyefika hana dhambi. Hata hivyo kuna ibada za jioni, na katika vigango ambako padri hafiki, majivu yaliyokwisha kubarikiwa yanaweza kupakwa na katekista au mhudumu mlei. Viongozi wa jumuiya waulize ratiba mapema na kuwapelekea habari walio kwenye nyumba za kampuni, ambao mara nyingi ni wageni kutoka kaunti nyingine na hawana wa kuwajulisha.

Jumuiya ndogo ndogo ndizo nguzo yenyewe. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizikubali kuwa njia ya kichungaji katika miaka ya 1970, na hadi leo Kampeni ya Kwaresima, inayoandaliwa na maaskofu wa Kenya kila mwaka, inategemea sebule za jumuiya hizo. Watu kumi au kumi na watano, stuli za kuazima, taa ya sola, picha ya wiki kwenye kijitabu cha kampeni, na maswali matatu: unaona nini, Neno la Mungu linasema nini, tufanye nini. Mada huwa ni ufisadi, ardhi, familia, uchaguzi. Nimeona jumuiya zikisoma haraka haraka ili chai iletwe, na nimeona nyingine ambako swali la tatu liliwafanya watu wakae kimya kwa muda mrefu, kisha mmoja akasema, “Nitakwenda kwake kesho.” Jumuiya ya pili ilikuwa na nyumba duni zaidi, lakini ilikuwa na Kwaresima.

Ndugu zetu wa makanisa ya Africa Gospel na AIC, walio wengi sana Bomet, kwa kawaida hawapaki majivu, na baadhi yao wanaiona Kwaresima kuwa mapokeo ya watu. Wengi wameshafunga Januari, siku ishirini na moja za sala za kufungua mwaka. Hatuna haja ya kubishana. Isaya 58 iko katika Biblia zote, na mchumaji asiyelipwa anaweza kuwa anafanya kazi kwa Mkatoliki leo na kwa Mprotestanti kesho.

Kwa hiyo, msomaji, Jumanne ni tarehe 17. Ukiwa na shamba la chai na kuna mtu anayekuchumia, fungua daftari jioni hiyo, jumlisha kilo zake, mtumie pesa zake zote kwa M-Pesa kabla hujalala. Jumatano uende ukapakwe majivu.